Tokeni ya Saa Moja: Nani Alipwe, na Kiasi Gani

Ukitaja tokeni hapa Muthangari, jirani atafikiri stima yako imeisha. Unalipa, unapata tarakimu 20, unazibonyeza kwenye mita, taa zinawaka. Lakini ipo tokeni nyingine ambayo mwenye duka haioni kwa macho, na ikiisha hakuna giza la kumjulisha. Mteja anabonyeza "Lipa" kwenye tovuti yako, anangoja ombi la PIN kwenye simu yake, simu inanyamaza, naye anaenda kununua kwingine.

Hiyo ni tokeni ya ruhusa. Tovuti yako huiomba kwenye Daraja, lango la Safaricom ambalo tangu 2017 linaunganisha programu za watu na M-Pesa, na bila hiyo hakuna ombi litakalokubaliwa. Huishi sekunde 3599. Saa moja kasoro sekunde moja, kisha haina thamani tena.

Kama duka lako ni dogo, pesa ni chache na developa anangoja jibu lako wiki hii, soma kwanza kabla hujamtumia malipo ya awali. Sehemu kubwa ya kile unachouziwa kwa jina la tokeni haigharimu chochote, na kile kinachogharimu kweli mara nyingi hakitajwi kwenye bili.

Nilianza kulifuatilia jambo hili kwa sababu ya dada mmoja anayeoka keki karibu na Gitanga Road. Tovuti yake ni nzuri, picha safi, bei wazi. Malipo ndiyo yaliyokuwa na tabia ya ajabu: asubuhi yanapita vizuri, ikifika saa nne yanakwama hadi kesho yake. Kila siku kijana aliyemtengenezea tovuti alikuwa "anaiamsha", na mwisho wa mwezi bili inakuja: shilingi 3,500, matengenezo ya tokeni.

"Kaka, hii ni kazi ya kila mwezi kweli?" aliniuliza, mikono imejaa unga.

Tulifungua faili la msimbo pale pale kwenye meza ya kukandia. Karibu na juu kabisa, ndani ya alama za kunukuu, tokeni yenyewe ilikuwa imebandikwa kwa mkono. Kijana alikuwa akiomba tokeni mpya kila siku saa tatu asubuhi kwenye laptop yake, anainakili, anaibandika juu ya ile ya jana. Saa tatu hadi saa nne, basi. Dada huyu alikuwa akilipa shilingi 42,000 kwa mwaka ili duka lake la mtandaoni lipokee pesa saa moja kwa siku.

Dawa ilikuwa mistari kama 15 ya msimbo, iandikwe mara moja tu.

Kinachofanyika ndani ni hiki. Ukijisajili Daraja unapewa bure ufunguo wa mteja na siri yake. Programu inaviunganisha kwa nukta pacha, inavigeuza kwa mtindo wa Base64, inavituma kwenye anwani ya kuombea tokeni. Jibu linarudi na vitu viwili: access_token, ambayo ndiyo tokeni, na expires_in, yaani sekunde zilizobaki. Kisha kila ombi la malipo linabeba tokeni hiyo, ikitanguliwa na neno Bearer. Kuomba tokeni hakutozwi. Uombe mara 1 kwa siku au mara 100, bei ni sufuri.

Neno "kuhuisha" nalo limepandishwa bei bila sababu. OAuth 2.0, kanuni ya kimataifa iliyochapishwa Oktoba 2012, ina aina kadhaa za ruhusa. Pale mtu anapoingia kwa jina lake na kuiruhusu programu imfanyie kazi, programu inaweza kupewa tokeni mbili: ya kutumia, na ya kuhuisha ile ya kwanza ikifa. Daraja iko kwenye aina nyingine, ambapo programu inajisemea yenyewe bila mtu kuingia, na hapo kanuni inashauri tokeni ya kuhuisha isitolewe kabisa. Ya zamani ikifa, unaomba mpya kwa ufunguo ule ule. Kwa hiyo ukiona kwenye bili "mfumo wa kuhuisha tokeni za M-Pesa, shilingi 20,000", uliza ni mfumo gani hasa. Kwa M-Pesa hakuna cha kuhuisha.

Developa ana njia tatu za kuandika kazi hii, na bei zake hazilingani.

Ya kwanza ni kuomba tokeni mpya kabla ya kila malipo. Mafundi wengi wataicheka. Mimi siicheki. Duka lenye malipo 15 kwa siku litaomba tokeni mara 15, na kila mteja atangoja kidogo zaidi kabla simu yake haijaita. Ni njia nyepesi kuliko zote kuandika na kurekebisha, na haihitaji mahali pa kuhifadhi kitu. Kama bajeti yako ni ya kubana, ichukue na usione haya. Hasara yake inaonekana malipo yakizidi: siku ya ofa watu 40 wakibonyeza kwa pamoja, umeongeza maombi 40 yasiyo ya lazima wakati mtandao tayari umelemewa.

Ya pili ni kuihifadhi na kuangalia saa. Programu inaandika tokeni iliombwa lini na itakufa lini. Malipo yakija, inatazama: kama zimebaki sekunde zaidi ya 60, inatumia iliyopo, la sivyo, inaomba nyingine. Zile sekunde 60 za tahadhari usizikubali zikatwe, kwa sababu tokeni inaweza kufa njiani kati ya seva yako na Daraja. Duka lililo wazi saa 12 litaomba tokeni mara 13 hivi kwa siku, hata likiwa na malipo 500. Hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa duka linalokua, na tofauti ya kazi kati yake na ile ya kwanza ni saa chache. Ukitozwa zaidi ya siku moja ya kazi kwa ajili yake, omba maelezo.

Ya tatu ni kuweka kazi ya ratiba, wanayoiita kroni, iombe tokeni kila baada ya dakika 50, kuwe na mteja au kusiwe. Inaonekana ya kitaalamu. Lakini kwa duka dogo ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote, maana ombi moja la ratiba likishindwa saa nane mchana, tokeni iliyopo inakufa dakika 10 baadaye na malipo yote yanakwama hadi zamu inayofuata. Wewe uko jikoni, hujui. Watoa huduma wa nafasi za bei rahisi nao hawakubali kila ratiba unayoitaka. Kubali kroni ikiwa tu nyuma yake kuna njia ya pili kama kinga.

Njia yoyote utakayochagua, uliza jambo hili moja: tokeni ikikataliwa, programu inafanya nini? Daraja hujibu kwa msimbo wa kosa 404.001.03, tokeni si sahihi. Angalia tarakimu hizo. Kwenye mifumo mingi ya dunia, ruhusa ikikataliwa namba ni 401, na msimbo mwingi ulionakiliwa kutoka kwingine unangoja 401 hiyo. Haiji. Programu inayosoma 404 itadhani anwani imepotea na kukata tamaa, hali ilichopaswa kufanya ni kutupa tokeni ya zamani, kuomba mpya na kujaribu tena mara moja. Mara moja tu. Ikirudia bila kikomo, kosa dogo linageuka kuwa msururu wa maombi usiokwisha.

Kuhusu mahali pa kuhifadhi tokeni, hapa ndipo watu wanapolipa ya ziada bila kujua.

Faili la kawaida kwenye seva ni bure, na linatosha duka lenye seva moja. Sharti ni kwamba lisikae ndani ya folda inayoonekana na umma. Kwenye nafasi nyingi za kukodi folda hiyo huitwa public_html. Faili likiwekwa humo, yeyote anayebahatisha jina lake analisoma kwenye simu. Hifadhidata uliyonayo tayari pia ni bure: jedwali moja, safu moja, tokeni na muda wake. Kwa duka la mtu mmoja ningechagua hifadhidata, kwa sababu inahama pamoja na nakala zako za akiba.

Halafu kuna huduma za kumbukumbu ya haraka zinazokodishwa mtandaoni. Za kusimamiwa huanzia kama dola 15 kwa mwezi. Kwa dola moja kwa shilingi 130, hiyo ni 1,950 kwa mwezi, 23,400 kwa mwaka, juu yake makato ya kadi ya benki na VAT ya asilimia 16 pale mtoa huduma anapoitoza. Yote hayo kutunza mstari mmoja wa maandishi unaokufa kila saa. Ukiwa na seva nne zinazofanya kazi pamoja, sawa. Ukiwa na moja, kataa.

Tofautisha pia kutunza tokeni na kutunza siri. Tokeni ikiibwa, ndani ya saa moja imekufa. Ufunguo na siri yake havifi, na mwenye navyo anajizalishia tokeni kila saa. Kwa hivyo gharama ya kutunza siri ina maana zaidi. Huduma moja kubwa ya Marekani hutoza dola 0.40 kwa kila siri kwa mwezi. Kwa siri tatu ni kama shilingi 156. Si mbaya. Lakini faili la mazingira lililofungwa vizuri, nje ya folda ya umma, linamfaa mwenye duka moja, na ni bure.

Sasa uamuzi wenyewe wenye pesa: ujiunganishe moja kwa moja na Daraja, au upitie kampuni ya kukusanya malipo?

Mkusanyaji anakupa ukurasa wa malipo, anahangaika na Daraja kwa niaba yako, na anachukua asilimia ya kila muamala. Faida yake halisi ni kadi za benki: shangazi aliyeko London akitaka kumtumia mpwa keki ya siku ya kuzaliwa, Daraja peke yake haitamsaidia. Hasara ni kamisheni isiyokoma, na kwamba mara nyingi pesa hukaa kwake kwanza kabla hazijafika kwako. Uliza zinakaa siku ngapi, na uliza ada ya kuzitoa, kwa sababu hiyo huwa haiko kwenye tangazo.

Ahadi ya kwamba "hutawahi kuhangaika na tokeni" ni nusu ya kweli. Baadhi ya wakusanyaji hukupa ufunguo mmoja usiokufa, ambao ni rahisi kuandika na hatari kuupoteza. Wengine wana tokeni zao wenyewe. Yupo anayejulikana sana Kenya ambaye tokeni yake huishi dakika 5 tu, na msimbo uliopangwa kwa saa moja ya Daraja ukihamishiwa kwake utakwama dakika ya sita.

Tupige hesabu. Tuseme mkusanyaji anakutoza asilimia 3, na developa anataka 25,000, mara moja, kukuunganisha moja kwa moja. Kwenye tili, Safaricom humtoza mwenye biashara asilimia 0.55 kwa malipo ya zaidi ya shilingi 200. Yaliyo chini ya hapo hayatozwi. Tuseme pia utakodi seva ndogo ya dola 6, shilingi 780 kwa mwezi.

Duka linalouza mtandaoni 60,000 kwa mwezi litampa mkusanyaji 1,800. Kwa njia ya moja kwa moja litalipa 330 za tili na 780 za seva, jumla 1,110. Linaokoa 690 kwa mwezi. Ile 25,000 ya developa itarudi baada ya miaka 3, na hapo hatujahesabu siku ambayo kitu kitaharibika. Kwa duka hili, mkusanyaji ni nafuu.

Duka linalouza 300,000 kwa mwezi litampa mkusanyaji 9,000. Moja kwa moja ni 1,650 na 780, jumla 2,430. Linaokoa 6,570 kila mwezi, na 25,000 imerudi kabla ya miezi 4 kuisha. Kwa duka hili, kila mwezi wa kusitasita ni hasara.

Weka namba zako kwenye hesabu hiyo usiku wa leo. Kama tayari una nafasi ya seva unayoilipia, ondoa zile 780: duka la kwanza litaokoa 1,470 kwa mwezi, na pesa zitarudi baada ya miezi 17. Hapo ni uamuzi wako. Mimi ningengoja.

Na kama unapata oda 5 kwa siku, kuna chaguo ambalo hakuna developa atakayekutajia: andika namba ya tili kwenye tovuti, mteja alipe kwa mkono wake, wewe uangalie ujumbe ukiingia. Hakuna tokeni, hakuna seva, hakuna bili. Ila usikubali picha ya ujumbe kutoka kwa mteja kuwa uthibitisho, maana ujumbe wa kughushi ni rahisi kutengeneza. Amini ulioingia kwenye simu ya biashara tu.

Ukiamua kujiunganisha, si lazima kila kitu kiandikwe upya. Zipo maktaba za msimbo za bure za Daraja kwa PHP, Python, JavaScript na lugha nyingine. Nyingine ni nzuri sana. Nyingine ziliandikwa wikendi moja miaka mingi iliyopita na kuachwa. Kabla developa hajaitumia, mwulize iliguswa mara ya mwisho lini na kama inahifadhi tokeni. Kisha mwambie aitafute ndani yake CURLOPT_SSL_VERIFYPEER, kama ni ya PHP. Ikiwa imewekwa false, ikatae, au mstari huo urekebishwe mbele yako. Maana yake ni kwamba programu inatuma ufunguo na siri yako bila kuhakikisha anayepokea ni nani. Mstari huo huandikwa kwa haraka wakati wa majaribio ili kosa la cheti liondoke kwenye skrini, halafu unasahaulika na kusafiri kutoka mradi hadi mradi.

Usikubali pia wazo la kuokoa gharama ya seva kwa kuweka ufunguo na siri ndani ya programu ya Android. Programu ya simu inaweza kufunguliwa na kusomwa na mtu yeyote mwenye subira ya jioni moja. Tokeni iombwe na seva, simu ya mteja isiione siri kamwe.

Cheti cha usalama kwa ajili ya anwani ya majibu, ile inayopokea taarifa kwamba mteja amelipa, nacho huongezwa kwenye bili. Let's Encrypt hutoa vyeti bure na vinajiongeza muda vyenyewe seva ikipangwa vizuri. Ukiandikiwa shilingi 5,000 kwa mwaka za cheti cha duka la kawaida, ziondoe.

Sasa nisikilize hapa, kwa sababu ndipo nilipoona watu wakiumia. Akaunti ya Daraja ifunguliwe kwa barua pepe ya biashara yako, si ya developa. Akiifungua kwa jina lake, ufunguo na siri viko kwenye akaunti yake. Mkikosana, au akipata kazi nje ya nchi na kuacha kujibu simu, unaanza upya: programu mpya, kwenda hewani upya, msimbo kubadilishwa. Kufungua akaunti kwa barua pepe sahihi ni kazi ya dakika chache na haina ada. Kuibadilisha baadaye kunaweza kukugharimu wiki ya mauzo.

Kwenda hewani nako kuna mitego. Mazingira ya majaribio yana ufunguo wake, siri yake na namba ya biashara ya kujaribia, 174379, ambayo kila developa wa Kenya anaijua kwa moyo. Mazingira halisi yana anwani yake na siri zake. Tokeni ya upande mmoja haikubaliki upande wa pili, na kuzichanganya huleta kosa lile lile la tokeni si sahihi, hata kama tokeni ina dakika moja tu tangu izaliwe. Wenye tili wana mtego wa ziada: ombi linahitaji namba ya duka pamoja na namba ya tili, na ni mbili tofauti. Nimeona siku mbili za kazi zikitozwa kwa kutafuta "tatizo la tokeni" wakati namba ya tili ilikuwa imeandikwa mahali pa namba ya duka. Waombe Safaricom namba zote mbili kabla kazi haijaanza, uziandike kwenye karatasi.

Jambo la nywila ya ombi pia hupachikwa kwenye mzigo wa tokeni. Kila ombi la PIN hubeba nywila inayotengenezwa kwa namba ya biashara, neno la siri ulilopewa na saa ya wakati huo. Ni kitu kingine kabisa, hutengenezwa papo hapo kwenye seva, na hakihitaji matengenezo ya mwezi.

Vipi siri zikivuja? Uwe na picha halisi ya hatari, usitishwe kununua usichohitaji. Aliye na ufunguo wako wa kuomba malipo anaweza kuwasumbua watu kwa maombi ya PIN kwa jina la biashara yako. Pesa zikilipwa bado zinaingia kwako. Aibu ni kubwa, wizi ni mdogo. Lakini kama umeunganisha pia huduma ya kutuma pesa kwa wateja au wafanyakazi, siri zake zikivuja pesa zinaweza kutoka. Kama huhitaji kutuma pesa kwa programu, usiiwashe huduma hiyo. Siri ikishawekwa kwenye hifadhi ya msimbo ya GitHub kwa bahati mbaya, kuifuta faili hakutoshi, kwa kuwa historia inabaki. Zalisha ufunguo mpya siku hiyo hiyo. Na msimbo usiandike namba za simu za wateja kwenye faili za kumbukumbu ovyo: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaruhusu faini ya hadi shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, iliyo ndogo kati ya hizo.

Kuna tokeni moja ambayo kuhuisha kwake ni kweli, na bili yake hurudi kila wiki. Maduka mengi hutaka oda ziandikwe zenyewe kwenye jedwali la Google. Developa huunganisha kwa akaunti yako, Google hutoa tokeni ya saa moja na ya kuhuisha, kazi inakwenda. Siku ya saba inakufa. Sababu imeandikwa wazi kwenye maelezo ya Google: programu ikiachwa katika hali ya majaribio, tokeni yake ya kuhuisha huisha baada ya siku 7. Developa anarudi, anaingia tena, anakutoza 500 za "kurudisha muunganisho", na wiki ijayo vivyo hivyo. Hizo ni 26,000 kwa mwaka.

Kwa jedwali tu, mwambie atumie akaunti ya huduma. Ni bure, ina barua pepe yake. Unalishiriki jedwali na barua pepe hiyo kama unavyomshirikisha mfanyakazi, na programu inajiombea tokeni yenyewe bila mtu kuingia. Kama lazima iwe akaunti yako, programu itolewe kwenye hali ya majaribio. Lakini ukitaka programu isome barua pepe zako za Gmail, jua kwamba ruhusa hiyo iko kwenye kundi kali, na programu ya kutumiwa na umma inaweza kudaiwa ukaguzi wa usalama unaolipiwa. Duka la keki halihitaji mzigo huo.

Kuhusu matengenezo ya mwezi, sisemi kila ada ni wizi. Mtu anayesasisha seva, kuhifadhi nakala za akiba na kuitikia simu Jumamosi jioni anastahili kulipwa, na ukimpata mzuri mshike. Ninachopinga ni ada isiyo na kazi ndani yake. Mwambie aandike kwa maneno atafanya nini, mara ngapi, na atajibu baada ya saa ngapi pakiwa na tatizo. Kama jibu ni "kuangalia tokeni", umeshaelewa.

Kabla ya kulipa salio la mwisho, fanya jaribio hili mwenyewe, kwenye mazingira halisi, na developa asiguse kompyuta. Weka bidhaa ya shilingi 1 kwenye tovuti. Inunue kwa simu yako, weka PIN, hakikisha tovuti imeandika kwamba imelipwa. Kisha itie simu mfukoni na uondoke. Shuka hadi sokoni Kawangware ununue mboga, urudi kwa miguu taratibu. Zipite dakika 65 kamili. Ukifika, inunue tena ile bidhaa ya shilingi 1. Jaribio zima limekugharimu shilingi 2. Simu ikiita, mlipe salio lake na umshukuru. Ikinyamaza, salio libaki kwako hadi atakapoirekebisha, kwa gharama yake.